Mwongozo Kamili: Kubuni Mzinga wa Hewa wa Kurusha Kamba ya Uokoaji kwa Mradi wa Mwaka wa Mwisho

Kila mwaka wanafunzi hunijia karakana na mzinga wa hewa usiofanya kazi, na dalili huwa zilezile. Mtutu mrefu wa plastiki, kompresa iliyojazwa hadi mshale wa geji unakaribia mwisho, valvu ya mkono, na kitu kinachotoka mdomoni kwa uchovu na kuanguka mita kumi mbele. Dawa ya kwanza wanayoifikiria ni kuongeza presha. Hapo ndipo ninapowazuia, kwa sababu tatizo lao karibu siku zote ni valvu, wala si presha. Anayeongeza presha kwenye mzinga wenye valvu mbovu hapati kasi, anapata bomu.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mzinga unaorusha kamba nyembamba kutoka gatini au ufukweni kwenda kwa mtu au mashua iliyo majini. Kamba hiyo ikishikwa upande wa pili, ndiyo inayovuta kamba nene. Nimeuchagua mradi huu kwa sababu una kazi ya kweli kwa watu wa pwani na wa maziwa, na kwa sababu unamlazimisha mwanafunzi afikirie nguvu, mtiririko wa hewa na usalama kwa pamoja.

## Vipimo vya mfano wetu

- Tangi: lita 6
- Presha ya kazi: bar 4 za geji, hakuna zaidi
- Mtutu: urefu sentimita 60, kipenyo cha ndani milimita 53
- Kinachorushwa: gramu 400, urefu sentimita 62
- Kasi mdomoni: mita 30 kwa sekunde
- Umbali: mita 50, kamba ikiwa imefungwa

Kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka chombo cha kurushia kamba melini kifikishe kamba angalau mita 230 hewa ikiwa tulivu. Usilifukuzie lengo hilo. Mita 50 zinatosha kujibu swali la uhandisi na kupata alama nzuri, na ulichotengeneza kinabaki kifaa cha maabara. Hakijaidhinishwa kuokoa mtu.

Kinachorushwa nitakiita *mchi*, kwa kuwa umbo lake ni la mchi wa kinu, na utakavyoona kinakaa mtutuni kama mchi kinuni.

## Vifaa vya kukusanya kabla ya kuanza

Usianze kukata chochote kabla orodha hii haijatimia.

Tangi na mtutu
- Bomba la chuma la maji la inchi 4, daraja la kati, urefu wa kama sentimita 70, lililochongwa uzi ncha zote mbili
- Ridyusa mbili za chuma, inchi 4 kwenda inchi 2
- Bomba la chuma la inchi 2, sentimita 60, kwa ajili ya mtutu
- Nipeli, tii, yunioni na plagi za chuma za inchi 2 na nusu inchi
- Tepu ya uzi ya mafundi bomba

Udhibiti wa hewa
- Valvu ya diaframu (utando wa mpira unaofunga na kufungua njia ya hewa) ya inchi 2 yenye koili ya volti 24, ile inayofungwa kwenye vichujio vya vumbi vya viwanda vya saruji na vinu vya unga
- Valvu ya usalama iliyopangwa kufunguka kwenye bar 5
- Valvu ndogo ya kutoa hewa inayofunguka yenyewe umeme ukikatika
- Regyuleta (kidhibiti cha presha), geji ya bar 0 hadi 6, na mpira wa hewa wa mita 10
- Kompresa ndogo ya karakana

Mchi na kamba
- Bomba la plastiki la maji machafu, milimita 50
- Sponji ngumu ya matundu yaliyofungwa, plagi mbili za mbao, boliti ya jicho
- Kamba ya polipropilini ya milimita 3, mita 70
- Kipande cha tyubu ya baiskeli

Kupima na kujikinga
- Pampu ya mkono ya kupimia mabomba kwa maji, na geji yake ya bar 0 hadi 10
- Simu inayopiga video ya picha 240 kwa sekunde
- Miwani ya kinga, vizibo vya masikio, mifuko ya mchanga, kamba ya kuzungushia eneo

## Vitu vya kutotumia hata ukipewa bure

Bomba la PVC au plastiki yoyote kuhifadhi hewa. Namba iliyopigwa chapa juu ya bomba, PN10 au PN16, ni ya maji. PVC ikipasuka ikiwa na hewa ndani haichaniki. Inavunjika vipande vyenye ncha na kuruka. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili tangu 1988. Kikundi kimoja nilichokisimamia kilipuuza onyo langu. Tangi lao lilipasuka wakati wa chakula cha mchana, karakana ikiwa tupu, na tulikuta kipande kimejikita kwenye mlango wa mbao. Tangu siku hiyo sijadili tena suala hili na mtu.

Mtungi wa gesi ya kupikia. Mabaki ya gesi hukaa ndani muda mrefu, na mara nyingi anayeutaka mtungi huo anataka pia kuuchomelea.

Mtungi mkuukuu wa kuzimia moto. Kutu ya ndani haionekani kwa nje.

Tangi la breki za lori lililoongezewa tundu. Tangi jipya lenye kibao chake ni zuri, lakini matundu yake ni madogo mno kwa kazi yetu, na ukilichomelea tundu jipya umefuta uthibitisho wake.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa kwa maandishi

Andika barua kwa idara, kwa ofisi ya usalama ya chuo, na kwa wenye eneo la majaribio. Matangi ya hewa yapo chini ya ukaguzi wa sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ile ya 2003 kwa Tanzania na ya 2007 kwa Kenya. Tena, kitu chenye mtutu kinachorusha kinaweza kuangukia kwenye sheria za silaha, kwa hiyo chuo kiwasiliane na polisi kabla hujakitoa nje ya geti. Barua ieleze neno kwa neno kwamba kinarusha kamba yenye ncha laini.

*Umefaulu ikiwa:* una karatasi iliyosainiwa mkononi. Ahadi ya mdomo haihesabiki.

## Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kununua

Wengi huanza na presha. Anza na mwisho, yaani kasi unayoihitaji, kisha rudi nyuma.

Nishati ya mchi. Gramu 400 kwa mita 30 kwa sekunde ni nusu × 0.4 × 30², yaani jouli 180.

Kwa nini mita 30? Bila kamba na bila upinzani wa hewa, kasi hiyo kwa pembe ya nyuzi 45 ingefika kama mita 92. Lakini kamba ina uzito. Kamba yetu ni kama gramu 4.5 kwa mita. Mita 50 ni gramu 225. Mchi unapoivuta yote, mwendo uliokuwa wa gramu 400 unagawanywa kwa gramu 625, na kasi inashuka kuelekea mita 19 kwa sekunde kabla hata hujahesabu upepo. Ndiyo maana kikundi kinachopiga hesabu ya mchi mtupu hushangaa kamba inapofika nusu ya safari.

Kazi inayofanywa na hewa. Hewa inapotanuka haraka hivi haina muda wa kupokea joto, kwa hiyo tumia fomula hii:

W = (P₁ × V₁ ÷ 0.4) × [1 − (V₁ ÷ (V₁ + Vm))^0.4] − P₀ × Vm

P₁ ni presha kamili ya tangi, V₁ ujazo wa tangi, Vm ujazo wa mtutu, P₀ presha ya hewa ya nje.

Mtutu wa milimita 53 kwa sentimita 60 una ujazo wa lita 1.32. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, P₀ ni kilopaskali 101, na bar 4 za geji ni kilopaskali 501 za presha kamili. Ukiweka namba hizo unapata karibu jouli 442.

Makosa mawili hujirudia hapa, na kila moja peke yake linaharibu ripoti nzima:

1. Kuweka namba ya geji badala ya presha kamili. Geji inasoma sifuri tangi likiwa wazi, ilhali hewa ya nje bado imo ndani. Ukiweka 400 badala ya 501, unapata jouli 326 tu.
2. Kusahau P₀ × Vm, yaani hewa iliyo mbele ya mchi ambayo lazima isukumwe itoke. Ukiisahau unapata 576, na utajiuliza kwa wiki nzima zile jouli 134 zimekwenda wapi.

Walioko Nairobi, ambako hewa ya nje ni kama kilopaskali 83, watapata jouli 445. Tofauti ni ndogo kwa kuwa geji hupima juu ya hewa ya mahali ulipo. Iandike hata hivyo, mtahini ataiuliza.

Toa hasara. Jouli 442 ni za dunia isiyo na msuguano wala valvu. Kama kadirio la kuanzia chukua asilimia 40: jouli 177, kasi ya kama mita 30 kwa sekunde. Tumefika tulipotaka kwa bar 4. Asilimia 40 hiyo utairekebisha kwa kipimo chako mwenyewe kwenye Hatua ya 9.

*Umefaulu ikiwa:* mwenzako aliyepewa vipimo tu, bila kuona karatasi yako, anapata jibu lilelile.

## Hatua ya 3: Chagua valvu, kwa maana hapa ndipo mzinga unapokufa au kupona

Fikiria muda. Mchi ukianza sifuri na kutoka kwa mita 30 kwa sekunde baada ya sentimita 60, safari yote mtutuni ni kama sekunde 0.04. Sasa shika bolvalvu ya inchi 2, ile ya mkono unaogeuzwa robo mzunguko. Hata mwenye mkono mwepesi hutumia kama sehemu ya tano ya sekunde kuigeuza. Mchi unakuwa umeshatoka wakati valvu imefunguka ufa tu. Hewa iliyobaki inatoka nyuma yake kwa mlio mkubwa, watu wanapiga makofi, na kazi imefanywa na sehemu ndogo tu ya hewa yako.

Kwa mzinga huo, hata ukipandisha presha mara mbili, ufa ni uleule.

Valvu ya diaframu ya vichujio vya vumbi ilibuniwa kwa kazi hasa ya kupuliza pumzi moja kali ya hewa, maelfu kwa maelfu ya mara, na kufunguka kwake hupimwa kwa milisekunde. Inafanya kazi hivi: hewa ya tangi imo pande zote mbili za diaframu na kuikandamiza ifunge. Koili ikipata umeme inatoa hewa ya upande wa nyuma, na hewa ya tangi yenyewe inaisukuma diaframu wazi. Nguvu ya kufungua inatoka tangini. Umeme unatoa ishara tu.

Zingatia haya unaponunua:

- Soma kibao. Kiwango cha juu cha presha kiwe bar 8 au zaidi.
- Tundu la ndani lilingane na mtutu. Valvu ya inchi 1 kwenye mtutu wa inchi 2 inakurudisha kwenye tatizo la ufa.
- Fuata mshale wa mtiririko. Ikifungwa kinyume haitazuia hewa kabisa.
- Valvu za umwagiliaji za plastiki ni za maji. Ziache shambani.

Kuna ujanja mmoja unaosaidia hata valvu nzuri: zungushia tepu ya karatasi ya wapaka rangi, raundi moja, kati ya mchi na mdomo wa mtutu. Inauzuia mchi usianze kusogea mpaka presha nyuma yake imejaa, kisha inakatika.

*Umefaulu ikiwa:* tangi likiwa na bar 1, bila mchi, unabonyeza na kusikia pigo moja fupi kama mlango uliobamizwa. Ukisikia "fuuu" ndefu, diaframu haifunguki yote. Tafuta uchafu au koili dhaifu.

## Hatua ya 4: Unda tangi bila kuchomelea

Kuchomelea chombo cha presha ni kazi ya fundi mwenye cheti na ukaguzi wake. Sisi tunaikwepa kabisa kwa kutumia uzi.

Kwa bomba la daraja la kati la inchi 4, kipenyo cha ndani ni milimita 105 na unene wa ukuta milimita 4.5. Kwa bar 4, mkazo ukutani ni kama megapaskali 4.7, na chuma cha mabomba hayo huanza kulegea kwenye 195. Ukuta basi si wa kuogopa. Wa kuogopa ni mwisho wa tangi: bar 4 juu ya eneo hilo ni karibu nyutoni 3,500, sawa na mifuko saba ya saruji ya kilo 50 inayosukuma ridyusa itoke. Uzi ndio unaoishikilia, kwa hiyo:

1. Uzi uchongwe kwa mashine ya dukani, si kwa mkono uliochoka.
2. Safisha mafuta na vumbi la chuma, kisha zungusha tepu kwa upande wa kukaza.
3. Kaza ridyusa kwa bomba-spana mbili. Uzi ulioliwa au wenye ufa hautengenezwi, unabadilishwa.
4. Ridyusa ya mbele inapokea nipeli fupi na valvu. Fupi kweli: kila sentimita ya shingo inakula mtiririko.
5. Ridyusa ya nyuma inapokea tii zenye matawi ya nusu inchi: geji, valvu ya usalama, valvu ya kutolea hewa, na kiingilio cha mpira wa kujazia.

Kati ya valvu ya usalama na tangi pasiwe na bomba lolote la kufunga na kufungua. Mpira wa kujazia uwe mwembamba, milimita 6, ili regyuleta ikiharibika na kompresa ikaleta bar zake 8, valvu ya usalama iweze kutoa hewa haraka kuliko inavyoingia.

Mwisho jaza tangi maji kwa chupa ya lita 1 na uhesabu. Ujazo halisi huwa tofauti na wa karatasi kwa sababu ya vifaa vya kuungia, na namba hii ndiyo inayoingia kwenye fomula.

## Hatua ya 5: Pima kwa maji. Hatua hii hairukwi

Wanafunzi wengi huona kupima kwa maji ni usumbufu: "si tutajaza hewa kidogokidogo tuone?" Tazama hesabu.

Presha ya juu inayoruhusiwa kwetu ni bar 5, pale valvu ya usalama inapofungukia. Tunapima kwa mara moja na nusu, bar 7.5. Tangi letu la lita 6 likiwa na hewa ya bar 7.5 limeficha zaidi ya jouli 3,600. Likiwa na maji kwa presha hiyohiyo, limeficha chini ya jouli 1. Maji karibu hayashindiliki, kwa hiyo karibu hayana cha kurudisha. Kiungo kikikatika kwa maji, unalowa. Kikikatika kwa hewa, ni kama mfuko wa saruji ulioangushwa kutoka urefu wa mita 7, isipokuwa hujui utaangukia wapi.

Utaratibu:

1. Ondoa valvu ya usalama, valvu ya diaframu na geji ya kazi. Weka plagi za chuma. Funga geji ya bar 10.
2. Simamisha tangi wima, jaza maji kutoka chini, na uache tundu la juu wazi mpaka maji yatoke bila kiputo hata kimoja. Hewa iliyobaki inarudisha hatari tunayoikimbia.
3. Ligonge kwa mpini wa mbao. Viputo vilivyojificha kwenye uzi vitapanda. Ongeza maji, kisha funga.
4. Pandisha kwa pampu ya mkono: bar 2, 4, 6, 7.5. Subiri dakika 2 kila kituo.
5. Shikilia bar 7.5 kwa dakika 30. Kila kiungo kikaushwe kwa kitambaa kwanza ili tone lolote jipya lionekane.
6. Shusha presha, kausha, rudisha vifaa, andika tarehe na majina ya mashahidi.

Kiungo kikitoa jasho, usikikaze kikiwa na presha. Shusha hadi sifuri, fungua, funga upya, anza mwanzo.

*Umefaulu ikiwa:* baada ya dakika 30 mshale haujasogea na kitambaa ni kikavu. Picha ya geji mwanzo na mwisho ndiyo picha yenye thamani kuliko zote katika ripoti yako.

## Hatua ya 6: Mtutu na mchi

Bomba la chuma lina mshono kwa ndani na matone ya zinki. Chungulia kwenye mwanga, piga tupa mshono unaojitokeza, kisha pima kwa kalipa sehemu tatu. Usiamini milimita 53 za kitabuni.

Kata bomba la plastiki la milimita 50 kwa sentimita 62. Ziba ncha zote mbili kwa plagi za mbao na gundi, jaza ndani povu, na ubandike sponji ngumu ncha zote mbili. Nina sababu ya kusema zote mbili, inakuja hivi punde. Zungusha tepu mikanda miwili, mmoja karibu na kila mwisho, mpaka mchi upenye mtutuni kwa uzito wake mwenyewe polepole. Ukidondoka kwa kasi, hewa itavuja. Ukikwama hata kidogo, punguza tepu.

Boliti ya jicho ifungwe kwenye ncha ya mbele, ile inayobaki nje ya mdomo wa mtutu. Mchi ni mrefu kuliko mtutu kwa makusudi: kamba haipaswi kuingia mtutuni hata sentimita moja, maana itajibana pembeni mwa mchi na kukatika.

Lakini kamba iliyofungwa mbele itauvuta mchi ugeuke mara tu unapotoka. Ncha iliyokuwa chini, upande wa hewa, ndiyo itakayotangulia angani. Kwa hiyo sponji ya chini ndiyo itakayogonga kitu, na watu wanaoweka sponji mbele tu wanakuwa wamerusha ubao.

Mchi wote ni lita 1.2 za ujazo kwa gramu 400, kwa hiyo unaelea. Uthibitishe kwenye beseni usiku kucha. Ukinywa maji, ziba upya.

## Hatua ya 7: Kamba

Chagua polipropilini kwa sababu inaelea. Nailoni na poliesta ni nzuri kwa nguvu lakini huzama, na kamba iliyozama haishikiki.

Usiizungushe mviringo kama waya wa umeme. Kila mzunguko unaacha msokoto, na misokoto miwili ikikutana angani inakuwa fundo. Ishindilie ndani ya ndoo kidogokidogo bila mpangilio, kuanzia mwisho wa chini, kama wafanyavyo waokoaji wa mitoni na mifuko yao ya kurusha. Inaonekana ovyo lakini inatoka safi.

Kati ya jicho na kamba unganisha nusu mita ya tyubu ya baiskeli. Mchi unatoka kwa mita 30 kwa sekunde na kamba imetulia. Bila mpira wa kumeza mshtuko huo, fundo hukatika palepale. Mwisho wa nyuma wa kamba ufungwe kwenye kigingi, kamwe usifungwe kwenye mkono wala kiuno cha mtu.

*Umefaulu ikiwa:* mtu anakimbia na mchi mkononi na mita zote 70 zinatoka ndooni bila kukwama, mara tano mfululizo.

## Hatua ya 8: Stendi na umeme

Nguvu ya kurudi nyuma inafikia bar 4 juu ya eneo la mtutu: karibu nyutoni 880, kama uzito wa mtu wa kilo 90. Kwa nyuzi 45 nguvu hiyo inasukuma chini na nyuma kwa kiasi sawa, kama nyutoni 620 kila upande. Stendi ya chuma yenye miguu mipana, mifuko minne ya mchanga, na vigingi nyuma. Mzinga haushikwi na mtu.

Umeme uwe hivi: ufunguo mmoja unaoshikwa na msimamizi, na vitufe viwili vinavyobonyezwa kwa pamoja na watu wawili, mita 10 kutoka mzingani. Valvu ya kutoa hewa iwe ya aina inayofunguka umeme ukikatika. Betri ikifa, waya ukichomoka au mtu akitoa ufunguo, tangi linajimwaga lenyewe. Jaribu kwa kuchomoa waya makusudi. Kama geji haishuki, huna kinga.

## Hatua ya 9: Majaribio

Uwanja wa mpira mtupu, siku ya kazi, kabla ya kwenda majini. Mbele pawe wazi mita 150 na pembeni mita 30 kila upande: siku kamba itakapokatika, mchi utakwenda ule umbali wa mchi mtupu. Majini, lenga boya au dumu la njano, hata kama kuna rafiki anayejua kuogelea na anajitolea. Na zoea tangu mwanzo kurusha kupita lengo, kidogo upande upepo unakotoka. Mwokoaji hamlengi mtu, humpitishia kamba karibu.

Mpangilio ni huu: mchi umo mtutuni, watu wote wamerudi nyuma ya mstari, *kisha* ndipo hewa inajazwa. Mchi haupakiwi tangi likiwa na presha.

Piga mara tano kwa bar 1, tano kwa bar 2, tano kwa bar 3, ndipo bar 4. Weka ubao wenye mistari ya sentimita 25 pembeni mwa mdomo na upige video ya picha 240 kwa sekunde. Kwa mita 30 kwa sekunde mchi unasogea sentimita 12.5 kwa picha, kwa hiyo hesabu picha nne au tano kisha ugawanye.

Sasa rudi kwenye fomula. Nishati uliyopima ugawanye kwa W ya presha ile. Kama jibu linakaa karibu na namba moja kwenye presha zote nne, umeuelewa mzinga wako. Kama linashuka kadiri presha inavyopanda, valvu ndiyo inayobana. Kama linarukaruka kwa presha ileile, angalia tepu na msuguano wa mchi.

Mchi ukikwama au koili isipofanya kazi, hakuna anayesogea. Toa ufunguo, subiri mlio wa hewa uishe, soma geji kwa darubini au kamera ya simu, na mtu mmoja tu asogee kwa nyuma ikiwa sifuri.

*Umefaulu ikiwa:* kwa bar 4, kamba inapita mita 50 angalau mara nne kati ya tano, na inaangukia ndani ya mita 5 kushoto au kulia kwa lengo.

Baada ya siku ya majini, suuza valvu na mtutu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, fungua plagi ya chini umwage maji yaliyojikusanya tangini, kausha, na uhifadhi tangi likiwa wazi. Kabla ya msimu unaofuata, rudia Hatua ya 5 yote.